Dakika Kumi za Mzee Parsimei

Noonkopir, Kitengela
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Mbithe,

Nakusalimu nikiomba barua hii ikukute umeketi, maana najua siku hizi hupati nafasi ya kuketi. Mama anaendeleaje na magoti yake? Je, mvua imewafikia huko Mwala, au nanyi mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine kama sisi huku? Na shemeji yangu Kioko, kile kifua kimetulia? Mimi ninakula na ninatembea. Presha imepanda tena, na daktari amenibadilishia vidonge. Usimwambie Mama.

Nimesikia kwamba sasa Kioko ana simu ya mkononi, na kwamba ukipanda kile kilima cha nyuma ya kanisa unaweza kuzungumza na mtu aliye popote. Ningeweza kupiga. Lakini jambo hili silimudu kwa mdomo, ndiyo maana nimelishikia kalamu.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Umeniandikia kwamba kikundi chenu cha kuwalisha mayatima kinakulemea, kwamba watu wanabisha hodi kabla hujanawa uso, kwamba wali unapikwa na wewe, funguo za ghala unazo wewe, na mikutano haiwezi kuanza usipofika wewe. Kisha ukaandika maneno haya, nayanakili kama yalivyo: "Kaka, ile ratiba uliyonitumia wakati wa Pasaka nimeibandika ukutani. Imeanza kunifaa. Juzi niliwarudisha watu wanne, na kwa mara ya kwanza nikamaliza kazi yangu mchana."

Mbithe, iondoe ratiba hiyo ukutani. Iondoe kwanza, kisha urudi uendelee kusoma.

Sasa nitakueleza sababu, nami nitaieleza kwa utaratibu, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kueleza jambo.

Unakumbuka jinsi nilivyokianzisha kituo hiki nilipostaafu ualimu. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati, na watoto watano waliozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Leo ni vyumba vitatu na watoto arobaini na zaidi. Tunawafundisha kusoma wakingoja zamu ya hospitali, tunawapeleka wapasuliwe, wanafungwa plasta, wanarudi kwao kwa majuma kadhaa, kisha wanakuja tena kituoni kujifunza kutembea. Wengi ni Wamasai wa nyikani huko, nyuma ya Isinya na hata mbali zaidi. Niliwawekea kanuni moja kama ya darasani: mwalimu akiingia, mtoto husimama. Sikuiweka kwa kiburi. Nilitaka miguu izoee kubeba mwili, na mtoto aliyezoea kutambaa aone kwamba naye anaweza kumpokea mtu akiwa wima. Walikuwa wakisimama wakicheka, wakishikana mabega wasianguke.

Aliyesimama haraka kuliko wote ni msichana mmoja wa miaka minane, jina lake Nasieku. Alikuwa akisimama hata nikipita dirishani. Rebeka, mama anayenisaidia kazi hapa, alikuwa akimwambia, "Wewe Nasieku, si upumzike kidogo! Mwalimu anaenda tu choo." Naye anajibu, "Na akirudi?"

Wakati huo mimi nilikuwa kama ulivyo wewe sasa. Watu walianza kuingia kabla sijanywa chai. Kila mmoja ana habari zake, na unajua kwamba Mmasai hakupi habari kama anayekutupia jiwe. Hukaa. Hutaja mvua, kisha nyasi, kisha ng'ombe, kisha mbuzi, kisha watu wa boma mmoja mmoja, na wewe unaitikia kila hatua. Jambo lililomleta huwa mwishoni, na kama ni baya huwa mwisho wa mwisho. Mimi nilikuwa nikiitikia huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Chakula cha mchana nilikula nimesimama. Ripoti za wafadhili zilichelewa. Siku moja nilianguka ofisini, na Rebeka alinikuta nimelala sakafuni na kalamu mkononi.

"Mwalimu," aliniambia nilipozinduka, "wewe utakufa na hii kazi yako, halafu sisi tutasema nini kwa hawa watoto?"

Baada ya hapo nilialikwa Nairobi kwenye semina ya viongozi wa mashirika madogo. Mfundishaji alikuwa kijana aliyevaa tai, mwenye maneno mengi ya kweli. Alisema mtu asiyelinda saa zake hulindiwa na wengine. Alisema kazi nzito ifanywe asubuhi akili ikiwa mpya. Alisema wageni wapewe siku zao na muda wao. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Nilirudi nikachora ratiba kwa rula: asubuhi hadi saa sita ni maandishi, mlango umefungwa, wageni ni Jumatatu na Alhamisi, saa nane hadi saa tisa, dakika kumi kila mtu. Niliitoa ile kengele ya mkononi niliyopewa na walimu wenzangu nilipostaafu, nikaiweka mezani. Dakika kumi zikiisha, naipiga.

Sitakudanganya: ilinifaa. Nililala. Presha ilishuka. Ripoti ilifika kabla ya siku yake, na wafadhili wakanisifu. Ndipo nilipokutumia nakala, nikijiona mwerevu.

Nasieku alipasuliwa miguu yote miwili katika majira haya ya ukame. Alifungwa plasta hadi magotini, akarudishwa kwao kwa majuma sita. Mama yake nilimpa karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa lugha safi: mtoto akipata homa, plasta ikinuka, au vidole vikibadilika rangi, aletwe kituoni mara moja. Karatasi ilikuwa nzuri. Katika boma lile hakuna mtu anayejua kusoma, isipokuwa Nasieku mwenyewe, aliyekuwa amefika herufi ya M.

Katika juma la tatu, siku ya Alhamisi, babu yake alikuja. Anaitwa Mzee Parsimei, na ni rika langu au amenizidi kidogo. Alifika saa tatu asubuhi, baada ya kutembea tangu alfajiri. Pikapu ya kituo ilikuwa uani, tangi limejaa, maana kesho yake tulikusudia kwenda Kajiado. Rebeka alibisha mlango wangu.

"Mwalimu, kuna mzee wa Nasieku hapa nje."

"Leo ni Alhamisi. Wageni ni saa nane."

"Najua, lakini ametoka mbali."

"Wote wametoka mbali, Rebeka. Nikimfungulia mmoja, ratiba imekufa."

Alikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tano. Rebeka alimpa chai. Mimi niliandika kurasa sita kuhusu namna kituo chetu kinavyowafikia wenye shida. Bado ninazo. Zimeandikwa vizuri.

Saa nane aliingia, akaketi, akailaza fimbo yake sakafuni.

"Sopa, Mwalimu."

"Ipa, mzee. Karibu. Una dakika kumi."

"Mimi niko mzima. Mvua hakuna."

"Hata huku hakuna."

"Nyasi imeisha. Vijana wamepeleka ng'ombe upande ya Magadi. Huko pia ni joto tu. Ng'ombe saba imekufa."

"Ng'ombe saba wamekufa," nikasema.

Nilidhani ninamsaidia. Alinitazama, akasema polepole, "Wamekufa." Kisha akaendelea. Alitaja mbuzi. Alitaja jirani aliyeng'atwa na fisi mkononi. Alitaja mkewe, kwamba hali chakula. Alitaja mama Nasieku, kwamba halali. Mbithe, ninapoyarudia sasa ninamsikia akikaribia, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka korongo kwa uangalifu. Mke hali. Mama mtoto halali. Mtu yeyote aliyekuwa akisikiliza angeuliza, "Halali kwa nini?" Mimi nilikuwa nikitazama saa ya ukutani.

Nilipiga kengele.

"Mzee, dakika zako zimekwisha. Yaliyobaki utaniambia Jumatatu."

"Bado sijafika," akasema.

"Hujafika wapi?"

"Kwa ile habari."

"Basi ungeanza nayo, mzee wangu. Wenzako wanangoja."

Kwenye benchi walikuwa wanawake wawili tu, na mlango ulikuwa wazi. Walimsikia mzee mwenye mvi akikatizwa kama mtoto wa darasa la pili. Mmoja alicheka kidogo, si kwa ubaya, bali kama mtu anavyocheka akiona haya kwa niaba ya mwingine. Mzee Parsimei aliinama, akaokota fimbo yake.

"Sawa, Mwalimu. Kazi yako ni mingi."

Hiyo sikuisahihisha. Alitoka, akapita kando ya pikapu, akaondoka kwa miguu.

Rebeka aliingia akasimama mbele ya meza yangu. "Mwalimu, huyo mzee alikuwa na neno."

"Atakuwa nalo hata Jumatatu."

Jumatatu alikuwa wa kwanza. Hakufika saa tatu. Alifika saa nane kamili, maana alikuwa ameshajifunza. Hakuketi. Hakunisalimu. Alisema:

"Nasieku. Plasta inanuka. Vidole ni nyeusi. Nilikuja kuomba gari."

Alitumia chini ya dakika moja. Nilibaki na tisa.

Sitakueleza safari ile. Rebeka alikaa nyuma ya pikapu na mtoto mapajani, na mimi niliendesha, na mzee alikaa kando yangu. Njiani nilimuuliza kwa nini hakuniambia Alhamisi, kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakunishika shati.

"Wewe ndiye unajua mambo ya miguu," alisema. "Uliona uso yangu. Ukasema Jumatatu. Nikasema, kama Mwalimu anasema Jumatatu, Jumatatu haijachelewa."

Mguu wa kulia ulipona. Wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Daktari alisema angeletwa siku tatu au nne mapema, plasta ingekatwa, kidonda kingesafishwa, na mtoto angekuwa na miguu yake yote. Daktari hakujua alikuwa akimwambia nani. Alisema tu, akiosha mikono.

Tangu siku hiyo majuma saba yamepita. Kamati ilikutana. Walisema si kosa langu, kwamba familia ilikuwa na karatasi. Mwenyekiti alisema, "Mwalimu, utaratibu ulikuwepo." Nilitamani anitukane. Rebeka aliendelea kukoroga chai mpaka ikapoa.

Niliiondoa ratiba. Nililiweka benchi kivulini, nikafungua mlango, nikasema yeyote aje saa yoyote. Lakini hawaji, Mbithe. Nyikani habari hutembea upesi kuliko magari. Wamesikia kwamba huku kuna mzee wa kengele anayewafukuza watu kabla hawajafika kwa neno lao. Wanaokuja hawaketi tena. Wanasimama mlangoni, wanasema, "Mtoto ana homa," au "Tunaomba viatu," wanatazama saa ya ukutani, wanaondoka. Hawaniambii habari za mvua. Siku nyingine mchana mzima unapita na benchi ni tupu, nami nimekaa na muda wote niliokuwa nikiutafuta. Naweza kuandika ripoti kumi.

Juma lililopita nilikwenda bomani kwao. Nilikwenda peke yangu, na pikapu niliiacha barabarani nikatembea. Niliogopa watanifukuza. Mzee Parsimei alinipokea kwa mkono, akanipa kigoda, akaketi. Kisha akanipa habari. Alianza na mvua. Alitaja nyasi. Alitaja ng'ombe waliobaki, mmoja mmoja kwa rangi yake. Niliitikia kila hatua, na nilimwomba Mungu mzee asifike mwisho, na pia nilimwomba afike. Kivuli cha nyumba kilikuwa miguuni petu alipoanza, na alipofika kwa Nasieku kilikuwa kimevuka ua wote.

"Na yule mtoto," alisema, "yuko. Anauliza atarudi shule yako lini."

Huko kwao mtoto humjia mzee akainamisha kichwa, na mzee hukigusa. Ndiyo salamu. Kituoni kwangu sikuwahi kuiruhusu, nilitaka wasimame. Mama yake alimtoa ndani akamketisha mlangoni kwenye ngozi. Nasieku aliponiona hakuinamisha kichwa. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili na kuanza kusimama.

Nilisema, "Kaa, mwanangu. Kaa chini." Hakusikia, au alidhani namjaribu. Alisimama kwa mguu mmoja, akitetemeka, kidevu juu, kama nilivyomfundisha, akangoja nimwambie kwamba anaweza kuketi. Nilikuwa nimeshasema.

Mzee Parsimei ndiye aliyemketisha.

Sasa uniambie, nikupe ushauri gani? Uliuliza namna ya kuendesha kikundi bila kuumia. Ninayajua yote, na mengi ni ya kweli, nami sitaki uyatupe kwa sababu yangu. Mpe mtu mwingine ufunguo wa ghala, tena leo. Ukifa watoto hawatavunja mlango ili wale. Kula umeketi. Lala. Siku ya Bwana usipike kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa Mama. Ukiumwa kichwa nenda zahanati. Usimeze vidonge vya dukani kama nilivyofanya mimi. Na kama huna nguvu za kusikiliza, mweke mwenye nguvu akae mlangoni; nilikuwa na Rebeka, naye kwa kumpa mzee chai tu alitambua kwamba ana neno, jambo ambalo mimi sikulitambua nilipokuwa naye uso kwa uso. Nilipaswa kumpa yeye kiti changu na mimi nikakoroge chai.

Lakini hayo ni ya kuulinda mwili. Moyo sijui unalindwaje. Kijana wa tai hakutufundisha.

Kamati inataka nibaki. Sijui. Asubuhi ninaamka kabla ya jogoo, ninanyoa ndevu, ninafungua mlango, ninakaa. Sijui kama ninakaa kwa ajili ya watoto au kwa sababu sina ujasiri wa kurudi Mwala na kuulizwa kwa nini nimerudi. Usiniombee nguvu. Niombee mtu aje aketi.

Msalimu Mama, umwambie mwanawe mkubwa ni mzima na kwamba nitaleta shuka jipya nikija. Msalimu Kioko, mwambie moshi wa tanuri la matofali haumfai, hata kama ana kichwa kigumu kuliko matofali yenyewe. Msalimu shangazi Ndinda aliyetulea tulipokuwa wadogo, na umruhusu akusimulie tena kisa cha yule punda, tangu mwanzo. Salamu kwa wanao, na kwa wale mayatima wote ambao sijui majina yao. Ukipita kwenye kaburi la mke wangu, ng'oa magugu kwa niaba yangu, na usimweleze lolote kati ya haya.

Jambo la mwisho, Mbithe, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Wale watu wanne uliowarudisha juzi: hukuniandikia walitaka nini. Sidhani kama unajua. Mwanzoni mwa barua hii nilikuambia uondoe karatasi ukutani. Sasa vaa viatu, uende nyumbani kwa kila mmoja wao. Wakikuanzishia habari za mbuzi, keti. Usiwaulize neno ni lipi. Na wakuambie uende, wasikuambie, usiinuke mpaka wafike.

Ni mimi kaka yako,
Musembi